Daftari na Simu ya Jirani

Treni ilikuwa haijafika mbali, fundi cherehani akawa ameshaingiwa na kijiba cha roho. Mwanamke aliyeketi naye, asiyemjua, naye pia mshonaji, alikuwa akijitapa kwa simu yake. "Kila ukurasa wa ushonaji ninaoukuta mtandaoni nautupia humu, dada. Akili mnemba inanipangia. Nikikwama, naiuliza tu."

"Mimi nina daftari langu la miaka ishirini," fundi alisema, akalikumbatia utadhani linaibwa. "Hebu iulize dawa ya kola inayojikunja."

Simu ikasoma: "Ipige pasi kwa ndani, usiivute, ibembeleze kama mtoto mwenye homa."

Fundi akalifunua daftari. Maneno hayo yeye mwenyewe aliyatoa humo mwaka jana, akayaweka kwenye ukurasa wake mtandaoni, na hakuna aliyewahi kumwambia ameusoma.

"Haya, daftari lako lina hayo?" jirani aliuliza akicheka. Treni ikasimama, jirani akashuka.