Antipasi Aliyekataa Kugusa Mashine

Ndugu Antipasi Mughwai ametumikia hospitali yetu miaka kumi na tisa, na tarehe 30 Juni 2025 anastaafu. Nimeandika mimi, Damari wa usafi, kwa sababu chumba chake cha seva nimekideki miaka yote hiyo. Darasa la nne linanitosha. Anayetaka Kiswahili cha mkurugenzi akamsome mkurugenzi.

Alikuja 2006 kutoka Kinyangiri, na baiskeli na daftari. Seva ni ile kompyuta inayotunza mafaili ya wagonjwa wote. Inaendeshwa na kitu kinaitwa Linux. Ya kwetu haina picha za kubonyeza, unaiandikia tu. Antipasi alikuwa mkali. Badilisha jambo moja, liandike, subiri uone, ndipo uguse la pili. Mashine ikiwa nzito usiizime kama redio, kwanza soma yenyewe imeandika inaumwa nini. Na kila Ijumaa alifungua nakala ya akiba kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo hujawahi kuifungua, alisema, hesabu huna.

Lakini alinitisha huyu! Siku moja nadeki mlangoni, namsikia anamwambia Janeth, fundi mwenzake: "Ua mzazi. Mtoto kashakufa tangu asubuhi, mzazi hataki kumzika." Nilitupa dekio nikamkimbilia mlinzi, naye akaja na rungu. Kumbe ndani ya mashine kazi moja huzaa nyingine, wanaziita mzazi na mtoto, na kuua ni kuzima tu. Watu wazima, wamesoma chuo, wamekosa maneno mengine?

Kilichoniacha mdomo wazi kabisa ni cha Juni hii, tarehe 11. Saa tatu asubuhi mafaili yote yakagoma. Foleni mpaka getini, akina mama wa Ilongero na watoto mgongoni. Wenye hali mbaya waliandikiwa kwenye karatasi, wengine wakasubiri. Gerald wa mapokezi keshashika waya wa umeme achomoe! Antipasi akamfukuza. Halafu akakaa kitini, mikono kwapani, akamwambia Janeth atengeneze peke yake. Nikamwambia Antipasi, mchoyo wewe, unataka tuone hospitali haiwezi bila wewe?

Janeth akasoma. Diski ilijaa maandishi ya mashine yenyewe, ya miezi na miezi. Akataka kufuta yote, akajizuia. Akahamisha ya zamani tu, na yanayokuja akayawekea kikomo. Dakika ishirini na tano, mafaili yakafunguka. Kumtazama Antipasi, shati limelowa jasho mgongo mzima, na hajagusa hata kitufe.

Neno mchoyo nalifuta hapa, mbele ya wafanyakazi wote.

Asante, Antipasi. Sisi wote tunakuombea siku nyingi njema, ule ushibe, alizeti zako zikubali. Na simu ya hospitali ikilia huko Kinyangiri, usipokee. Janeth yupo.