Joho la Rais Mgeni

Fundi cherehani alikosa kiti kwenye basi, akamwomba mama aliyekaa ampakatie joho alilotoka kulishona. Bibi mmoja, kiti cha nyuma, alisikia yote.

"La rais mgeni hilo," fundi alijigamba. "Leo anahutubia chuo kikuu. Wanafunzi wanapiga kelele eti muuaji asialikwe. Wapi! Ukishamwita mgeni, unamvisha."

Bibi alitikisa kichwa kukubali.

"Au unamwita, ukamuuliza mbele ya watu," alisema yule mama.

"Aulizwe nini? Kwani yanakuhusu, dada?"

"Askari wake walichoma mtaa wetu, kabla sijakimbilia huku. Mume wangu alibaki ndani."

Uso wa fundi ulishuka. Bibi naye akainamisha kichwa kile kile alichokitikisa.

"Nisamehe, dada'angu. Waliponipa kazi niliuliza upana wa mabega tu. Lete nilibebe."

"Acha, umesimama. Utaanguka nalo." Akasogeza kiwiko ukosi usibonyee. "Ila kumvisha, mimi sikubali."

"Sasa nifanyeje, na wananisubiri?"

Basi likasimama chuoni. Fundi akapokea joho, akaganda mlangoni, hadi kondakta akamuuliza, "Wewe mwenye joho, unashuka au hushuki?"