Mama Yetu Genowefa Olszak Alizaliwa Polandi

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliosimama nyuma kwa kukosa viti, mimi ni Zbigniew, mtoto wa pili wa marehemu, dada zangu Danuta na Teresa wamenituma nisome haya kwa niaba ya familia, wakanisihi nisome kwa upole, nami nimewaambia nitajaribu.

Mama yetu Genowefa Olszak alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 katika kijiji cha Zalesie, karibu na mji wa Nowogródek, nchini Polandi, binti pekee wa bwana misitu Teofil Rudnicki na mkewe Apolonia, na hilo neno Polandi nalisema kwa sauti, maana baada ya vita mpaka ulisogezwa na kijiji kikabaki upande wa Warusi, na wapo watu waliotumia maisha yake yote kumsahihisha.

Alikuwa darasa la nne katika shule ya kijiji pale askari wa Kisovieti, walioiteka sehemu ile ya nchi mwaka uliotangulia, walipogonga mlango alfajiri ya tarehe 10 Februari 1940, wakawapa nusu saa ya kufungasha, wakawapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe hadi misitu ya Arkhangelsk, ambako babu alikufa akikata magogo Januari 1941, na bibi, walipoachiliwa na kuelekea kusini, akamfuata Mei 1942 huko Uzbekistan kwa homa ya chawa, kaburi lake hatulijui mpaka leo, wala hakuna aliyewahi kuja kutuomba radhi.

Kaka yake mkubwa, Wacław, alikwishajiunga na jeshi letu la Wapolandi lililoundwa huko huko, hivyo mama, yatima wa miaka kumi na mitatu, alivushwa bila ndugu yeyote, pamoja na watoto wengine, hadi Uajemi, ambako kwa sababu ya chawa walimnyoa nywele, wakazichoma moto nguo alizoachiwa na mama yake, kisha akasafirishwa kwa meli mpaka kambi ya wakimbizi ya Tengeru, karibu na Arusha, alikomaliza masomo na kujifunza ushonaji, na alikuwa akituambia kwamba ni pale alipoacha kulala na viatu miguuni akingoja mlango kugongwa.

Mwaka 1948 alimfuata kaka yake Uingereza, wakaishi kambini katika vibanda vya bati, na Septemba 1950 akaajiriwa kusokota uzi katika kiwanda cha sufu hapa Bradford, ambako msimamizi wake alimwita Jenny bila kumwuliza, na siku moja akamwambia mbele ya wenzake, "Hitler ameshakufa, Jenny, mbona hurudi kwenu?", naye mama akasimamisha mashine, akamjibu, "Nchi yangu wakubwa wenu waliigawa mezani na Warusi, hawakuniuliza, sasa unataka nirudi wapi? Na jina langu ni Genowefa, lina silabi nne tu, jitahidi."

Alifunga ndoa na baba yetu Kazimierz, mzaliwa wa Lida, mji wa jimbo lile lile la Polandi, aliyepigana Italia, tarehe 26 Mei 1951, wakajaliwa Danuta mwaka 1952, mimi 1955, na Teresa 1960, na kila Jumamosi wenzetu wakicheza mpira sisi tulikuwa shule ya Kipolandi, tukinuna, mama amekaa mlangoni na kazi yake ya kushona ili asitoroke mtu.

Baba alifariki tarehe 8 Novemba 1986, na jiwe la kaburi lilipowekwa Aprili iliyofuata tukakuta fundi amechonga "Lida, Urusi", mama akamwomba arekebishe, akaahidi, akaahidi tena, mwishowe akasema kwenye simu, "Bibi, maiti hawasomi", ndipo Jumanne moja, mchana kweupe, mama alipovaa koti lake la kanisani, akabeba nyundo ya kuvunjia makaa ya mawe na tindo, akapanda basi mpaka makaburini, akaanza kulibomoa neno "Urusi" herufi kwa herufi, na sajini wa polisi aliyeitwa akamwambia, "Mama, unaharibu kaburi", akajibiwa, "Kaburi ni la mume wangu, nami nalisafisha, hebu nishikie mwavuli huo, mvua inaniingia machoni", na kijana wa watu akaushika mpaka kazi ikaisha.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza mwaka 2011, Kiingereza kikamtoka kabla ya vingine, na alipovunjika nyonga Januari 2014 hospitali ilimpeleka nyumba moja ya wazee nisiyotaka kuitaja kanisani, wakawa wanamwambia, "Hapa tunaongea Kiingereza, mpenzi", na walipomvua nguo kwa nguvu kumwogesha, naye akalia kwamba wasimnyoe, wasizichome nguo za mama yake, walimchoma sindano ya kumnyamazisha, Danuta akamkuta mate yakimtoka, akamzungushia blanketi, na mkuu wa nyumba aliposema, "Huwezi kumtoa hivi hivi", dada yangu akamwambia, "Nizuie."

Alifariki nyumbani, kitandani mwake, mchana wa tarehe 3 Novemba 2015, akiwa na miaka themanini na sita, mikono yake tukiwa tumeishika sisi watatu.

Tunamshukuru Daktari Hargreave aliyepanda ngazi zetu hata siku za likizo, wenzake wa kiwandani waliobaki, na jirani yetu Bibi Nasreen Akhtar, aliyeleta chakula kila Ijumaa na kukaa naye, huyu akisema Kiurdu, yule Kipolandi, wakacheka sana, sijui walicheka nini, na nyumba ile ya wazee hatuishukuru, shada lao la maua tumewarudishia kwa teksi asubuhi hii.

Mama, hasira hiyo tuachie sisi, tuko watatu, tutaibeba, wewe sasa vua viatu, lala kwa amani.