Supu ya Mama Korokoroni

Mzee aliyeketi mbele yangu kwenye basi hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na uwezo wa kusema kwa sauti ndogo. Kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa fundi bomba mstaafu. Mama aliyekaa naye, ambaye walikuwa wamejuana dakika hiyo hiyo, alikuwa muosha vyombo katika mkahawa wa Mama Korokoroni.

Mkahawa ule naujua. Zamani ulikuwa mahabusu, baadaye ukawa ukumbi wa dansi, na hadi leo wateja hula nyuma ya nondo. Huagizi chakula. Mwenyewe, mjane mcheshi, hukutazama usoni akakuamulia.

"Mwaka mzima ananipa supu," alisema fundi. "Hayo ni mapenzi, dada yangu. Ameona sina meno."

"Usijidanganye, kaka. Supu huwapa wagonjwa. Anakuhurumia tu."

"Na mgonjwa huongezewa bakuli la pili bila kuomba?"

"Huongezewa, akikonda kama wewe."

Basi zima likacheka. Nami nilicheka, ingawa si tabia yangu kuingilia ya watu.

Fundi akatoa barua ya posa, akailamba bahasha, akaifunga kwa kuikandamiza gotini. "Mpelekee. Mimi nitashukia kituo cha mbele nirudi polepole. Jibu nitaliona mezani."

Basi likasimama mbele ya mkahawa. Mama akaitia barua kifuani, akashuka.

"Bado nasema ni huruma," alimwambia kupitia dirisha, "shemeji."