Mzee Urbano Kasunzu na Korongo la Shimo la Sita

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Urbano Kasunzu anakabidhi funguo za ghala la vifaa baada ya miaka thelathini na minne ya kuutunza uwanja wetu wa gofu hapa Sumbawanga. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekuwa katibu wa klabu kwa miaka kumi na tisa. Kamati ilitaka ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nitajaribu.

Alianza mwaka 1991 kama mkata nyasi, akiwa na fyekeo na jozi moja ya mabuti. Hakuwahi kucheza gofu, lakini angeweza kuinama kwenye nyasi, akasikia mpira unapigwa nyuma yake, na bila kugeuka akasema umeenda kulia. Ng'ombe wa Pito, kijiji jirani, aliwafahamu kwa sura, na wenye ng'ombe kwa majina. Mwaka 1998 akawa msimamizi wa uwanja.

Mwaka 2003 klabu ilimpa kazi ya kupanga upya shimo la sita. Alitembea kwenye mteremko wa shimo hilo masika nzima akitazama maji yanapopita. Katikati palikuwa na korongo lililoshusha maji ya vilimani. Hakuligusa. Mchezaji aliye hodari angepiga mpira uvuke korongo. Asiyejiamini angezunguka kushoto, kwenye njia pana, kwa mpigo mmoja wa ziada.

Wanachama hawakulipenda tangu siku ya kwanza. Mipira ilizama, Jumamosi zikaharibika. Mwenyekiti wa wakati ule alimwambia, "Urbano, sisi tunakuja hapa kupumzika."

"Ndiyo, mzee," akajibu. "Njia ya kushoto ipo."

Njia ya kushoto ilikuwepo, na karibu hakuna aliyeipita. Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wetu ni wakuu wa ofisi, wafanyabiashara wa mahindi, walimu wakuu. Wiki nzima wanaulizwa kwa nini hiki hakijafanyika. Jumamosi wanataka kurudi nyumbani na habari njema moja. Kwenda kushoto ni kukiri mbele ya rafiki zako watatu kwamba huwezi. Heri upoteze mpira, halafu useme uwanja ndio mbaya.

Mwaka 2017 ikapitishwa barua ya kuomba korongo lifukiwe. Walitia saini watu arobaini na mmoja. Mimi, Kristiana, nilikuwa wa kumi na nne.

Mzee Urbano naye aliiandikia kamati barua, ukurasa mmoja kwa mkono: maji yakifungiwa njia yatatafuta nyingine, na nyingine iliyopo ni upande wa ghala. Siku ya kikao ajenda zilikuwa nyingi. Niliiweka barua ile kwenye faili bila kuisoma mbele ya wajumbe. Akaamriwa kufukia, akafukia. Wanachama wakafurahi, na idadi ya mipigo yao ikapungua.

Januari 2020 mvua ilinyesha mchana kwa saa tatu. Adolfu, mkata nyasi aliyefanya kazi na Mzee Urbano miaka kumi na tisa, alikuwa amejikinga ghalani. Maji yalishuka hadi lilipokuwa korongo, yakakosa pa kupita, yakageukia ghala. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Mzee Urbano alimfukua kwa mikono. Alikuwa ameshafariki.

Nilitaka kumpigia simu Winifrida, mke wa marehemu. Mzee Urbano akanizuia. Alikwenda Pito kwa miguu, na matope yake mwilini, nami nikamfuata. Winifrida alikuwa anaanua mahindi.

"Dada, weka chini hilo beseni," alimwambia. "Adolfu hatarudi. Nimekuja mwenyewe nikuambie."

Winifrida alimwuliza kama mumewe aliumia muda mrefu. Akajibu kwamba hajui, na hatamdanganya.

Kwenye kikao kilichofuata wajumbe walisema ni mvua ya Mungu. Nilinyanyuka nikaisoma ile barua, miaka mitatu baada ya kuandikwa. Mzee Urbano hakumlaumu mtu. Aliomba ruhusa ya kulifukua korongo. Walipokawia kujibu, alichukua jembe akaanza, na wakata nyasi wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Iliwachukua wiki sita.

Korongo liko wazi mpaka leo na maji yanapita. Wanachama wengi wakimaliza shimo la tano wanakwenda moja kwa moja la saba.

Orodha ya kazi zake ni ndefu: miti mia mbili na zaidi aliyopanda, vijana aliowafundisha kunoa na kukata, ukame wa mwaka 2006 aliouvuka bila kupoteza hata eneo moja la nyasi laini zinazozunguka shimo. Anarudi nyumbani kwake kulima ulezi, pamoja na mkewe Coleta. Juzi nilimwuliza kama atakuwa anakuja kututazama siku za Jumamosi.

"Hapana, mama katibu," alisema, akaendelea kukunja mpira wa maji.

Mzee Urbano, asante kwa kazi, na utusamehe kama utaweza. Uende salama, ulezi uitike, na miaka iliyobaki uishi kwa utulivu ambao sisi hatukukupa.