Risasi za Mara ya Nane

Jumamosi asubuhi, benchi lililo nje ya duka la vyakula vya Kiafrika pale Silver Spring, Marekani, halina nafasi hata ya mtoto. Mwenye chupa ya kahawa ni Silvanus, Balozi kwa jina la kijiwe, maana aliwahi kuendesha gari la ubalozi miezi minne, hadhi iliyobaki akajipa mwenyewe. Ubavuni mwake hukaa Kamande wa ghala la Hyattsville, aitwaye Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua. Wa tatu ni Mutai, muuguzi, ndiye Maganda. Wenzake wa uwanja wa shabaha wakinunua risasi mpya, yeye huokota maganda yake matupu, huyapeleka gereji, huyatia baruti na kichwa kipya, na kuyarudisha kazini. Leo saa tano anampeleka binti yake Chebet kulenga shabaha kwa mara ya kwanza, na risasi ishirini za mkono wake ziko tayari kwenye buti la gari. Anajivunia, na ana haki. Ila mfukoni ana kipande cha shaba kinachomnyima raha, na hatimaye akakitoa.

— Angalieni hii maneno. Wiki jana nimefyatua, nimekoki, kitako cha ganda kimetoka peke yake. Nusu ya mbele imebaki ndani ya bunduki.

— Bunduki ipi? Ile ya wenzo, ya kukoki kwa chini kama wachunga ng'ombe wa sinema? aliuliza Balozi.

— Hiyo hiyo.

— Basi ni baridi. Shaba haikuzoea theluji.

— Theluji gani mwezi wa sita? Profesa akadakia. Maganda, wewe unaishi juu ya reli ya Metro. Treni ikipita, umeme unapanda mpaka gereji, unakula shaba pole pole. Mimi nimesoma hizi vitu.

— Umesoma wapi?

— Nimesoma.

— Nyie hamjui kitu, alisema Balozi, akimimina kahawa. Shaba ile imechimbwa kwetu, Kongo. Imepigishwa kazi ugenini miaka yote bila likizo. Inataka kurudi nyumbani, bwana!

Walicheka mpaka mwenye duka akachungulia. Mutai hakucheka. Kazi yake ilikuwa imeguswa.

— Kosa si langu. Ganda likifyatuliwa linavimba na kurefuka. Mimi nalirudisha saizi, nalibana mpaka chini, mpaka mashine igome. Sifanyi kazi nusu nusu mimi. Mdomo ukizidi urefu, naukata, linakuwa kama jipya. Pale uwanjani wenzangu wanatupa baada ya mara tatu, nne. Mimi hilo nilikuwa nimelijaza mara ya saba! Mengine yaliyo kwenye buti sasa ni mara ya nane.

— Heshima yako, Maganda, alisema Profesa.

Karibu na mlango alisimama mwanamke na mfuko wa unga, akingoja gari la shemeji yake. Ni Leokadia, wa Bukoba, wiki ya tatu Marekani. Bunduki hajawahi kuishika.

— Samahani kaka, nimesikia tu. Umelikata mara ngapi?

— Saba, dada. Kila nikijaza.

— Na halijawa fupi?

— Hapana. Linarefuka tena.

— Sasa hicho unachokikata kila mara, kinatoka wapi?

Profesa akainamia mkono wa Mutai.

Mutai alikigeuza kile kipande. Chini, kitako kilikuwa kinene. Juu yake kidogo, pale palipokatika, shaba ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Akaelewa. Kule kubana mpaka mashine igome kulilifanya ganda liwe fupi kuliko chumba chake ndani ya bunduki. Kila likifyatuliwa lilijinyoosha kuujaza ule mwanya, shaba ikivutwa kutoka hapo juu ya kitako, naye akiikata mdomoni. Bidii yake ndiyo iliyolila. Akaliona kichwani shavu la Chebet juu ya bunduki ile, ganda likikatika na moto ukimrudia usoni.

— Balozi, sogea dada akae. Mpe kahawa.

Balozi akaipindua chupa. Haikutoa hata tone.

Chebet akafika kutoka upande wa maegesho, funguo mkononi.

— Dad, you ready?

— Niko tayari. Ila tunapitia duka la risasi kwanza. Leo utapiga za kununua.

— But you said yours are the best!

Benchi zima lilimtazama. Mutai alisimama, akakirudisha kipande mfukoni, kidevu juu.

— Ni bora, mama. Zimefika saba. Lakini ya nane haipigwi na mtoto wangu.