Mshika Kamba na Makaburi ya Ndani ya Ua wa Kambi

Hakuwa na cheti. Hakuwa na ndugu serikalini. Hakuwa na koti la kuendea mkutano. Aliazima la shemeji yake. Na kwa miaka arobaini na moja, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na ruhusa ya kuzuru kaburi la mama yake.

Tunamkumbuka Mzee Kamba, aliyefariki Jumanne. Jina alilipata kazini: aliwashikia kamba wapima ardhi. Kamba hiyo ndiyo iliyopima kambi ya wanajeshi wa nchi rafiki. Mpimaji alimwuliza kama pale pana makaburi. Yalikuwapo, ila hayakuwa na mawe wala majina. Mzee Kamba, kijana wa wiki moja kazini, akaogopa kupoteza kibarua. Akajibu hakuna. Akatia dole gumba kwenye karatasi iliyosema hivyo.

Alidhani wageni hawatakaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa tuliwapa ua wa waya.

“Baba alijifunza kusoma utu uzima,” anasema bintiye, “ili aisome karatasi aliyoitia dole.”

Mwezi uliopita kamati ya serikali iliitisha mkutano hapa kutuuliza: kambi ibaki au iondoke? Mwenye duka alisema ikiondoka tutakula mawe. Mzee Kamba akasimama, akataja makaburi. Mwenyekiti akainua ile karatasi ya zamani.

“Mzee wangu, dole hili si lako?”

Watu wakacheka.

“Ni langu,” alisema. “Nilimkana mama yangu nipate kibarua.”

Akarudi nyumbani, akaiandikia kamati. Alikiri uongo wake, akachora ramani ya makaburi kumi na tisa. Ilibaki sahihi ya shahidi. Akamwomba bintiye, anayefua mashuka ya kambi hiyo hiyo. Binti akakataa.

“Baba, waliokufa hawali. Wanangu wanakula.”

Mzee akaiacha barua mezani, pamoja na bahasha yake. Baada ya siku nne akafariki. Amezikwa ng'ambo ya barabara, mbali na mama yake.

Tunampa pole binti, wajukuu, na shemeji mwenye koti. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Urafiki wa nchi na nchi ni jambo jema. Lakini ni nani aliyeambiwa anyamaze ili urafiki huo udumu?

Jana asubuhi binti aliitia barua ya baba yake sahihi, penye nafasi ya shahidi. Akalamba bahasha, akaigandamiza kwa kiganja. Kisha akaipeleka posta kwa miguu, akiwa amevaa sare ya kambi.